Kichuguu Nyuma ya Nyumba

Mchwa anayekula nyumba ana sauti. Watu wengi hawajui, kwa kuwa watu wengi hawajawahi kuweka sikio ukutani saa nane mchana mwezi wa pili, jua limekwama juu ya mabati, mtoto amelala, na kuku wamenyamaza chini ya migomba. Mimi niliweka. Niliisikia ndani ya nguzo iliyokuwa kando ya kitanda changu, sauti ndogo ya kutafuna, kama ya mtu anayekula njugu na hataki kuwagawia wenzake. Tangu siku hiyo sikupata usingizi wa mchana tena, na ule wa usiku ukapungua nusu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa ndoa, miaka ya tisini mwanzo mwanzo, na bado nilikuwa mgeni pale Shinyalu. Nilizaliwa Lugari, kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, na baba yangu alikuwa amepata shamba lenye nyumba ya mbao na sakafu ya saruji. Nyumba yenyewe ilikuwa imezeeka na mbao zimepauka, lakini sakafu ilikuwa sakafu. Ukiifagia, unaona umefagia. Kisha nikaolewa kwenye nyumba ya udongo, nikamwambia kila mtu kwamba sijali. Nilijali sana. Nilijali kila asubuhi nikiweka mguu chini.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, akija nyumbani Jumamosi moja kwa mwezi, mbili tukibahatika. Nyumba yetu aliijenga kwa haraka ya mwanamume anayetaka kuoa kabla mchumba hajabadili nia. Wazee wake walijengea miti ya msituni, ile migumu ambayo mchwa huigusa akaondoka. Siku zetu msitu ulikuwa na askari, na kukata mti wa kienyeji ilikuwa kesi, kwa hiyo alijengea mikaratusi. Mkaratusi ukitaka udumu, unachoma mwisho wa nguzo motoni mpaka uwe mweusi, halafu unaupaka oili chafu ya gari ndipo unaufukia. Yeye alichoma nguzo nne. Zilizobaki, pamoja na ile ya kando ya kitanda, alizifukia hivyo hivyo kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia. Haraka haraka haina baraka, na aliyelala kando ya haraka hiyo ni mimi.

Ng'ambo ya uwanja, hatua kama thelathini, ilikuwa nyumba ya mama mkwe. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuwa akidanganya. Si kwamba alikuwa akijitahidi kusema kweli kama sisi wengine. Uongo haukumjia tu. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita aje aseme aliona nini miaka ile, na akishasema, jambo limekwisha, hata aliyeshindwa alikwenda nyumbani kimya. Kwa vile Kiluhya cha kwetu Lugari kilikuwa mchanganyiko wa kila kabila dogo, na chake kilikuwa cha hapo hapo, tuliongea Kiswahili, yeye cha kwake na mimi cha shuleni.

Joto la kwetu huanza mwezi wa kumi na mbili na kukaa mpaka mvua za mwezi wa tatu. Katika miezi hiyo kila kiumbe kidogo huona kwamba nyumba yako ndiyo yenye kivuli. Viroboto hutoka kwenye vumbi la sakafu. Kunguni huamka kwenye maungio ya kitanda. Mende huhamia kwenye kabati la vyombo na watoto wao wote, na siafu, nchi ikikauka sana, hupita popote wanapotaka, hata juu ya mtoto aliyelala. Mama mkwe alinifundisha dawa za pale. Sakafu inakandikwa kwa samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, kila Jumamosi. Inafagiliwa kwa yale magugu yenye harufu kali yanayoota shambani mahindi yakishavunwa, kwa kuwa kiroboto hawezi kuivumilia harufu hiyo. Kitanda kinatolewa nje juani na kumwagiwa maji ya moto kwenye maungio. Kila mguu wa kitanda unasimamishwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia wenye maji na mafuta ya taa kidogo, ili siafu akipanda azame.

Nilifanya yote, na nilifanya mara mbili. Sakafu niliikandika Jumatano na Jumamosi. Maji ya moto niliyamwaga mpaka mbao za kitanda zikaanza kupinda. Mama mkwe aliniambia siku moja, bila kucheka, kwamba kunguni watahama lakini kitanda nacho kitahama nao.

Nilikuwa na sababu. Binti yetu alikuwa wa miezi kumi na mmoja, mtoto wa kwanza, na Desemba ile alikuwa amelazwa hospitalini siku nne kwa malaria. Siku nne nilikaa kwenye kiti nikimtazama akipumua. Aliporudi nyumbani nilikuwa nimeshakuwa mtu mwingine, mtu anayeona mdudu kabla hajamwona mtu. Na sasa binti huyo alikuwa anajifunza kusimama, na kitu alichokipenda kushika ili asimame kilikuwa ile nguzo.

Siku moja, wiki chache kabla ya mvua, nilikuwa nimemnyanyua kitandani kumnyonyesha. Nilikuwa sijakaa vizuri. Bonge la udongo, ukubwa wa mkate mzima, likabanduka ukutani likaangukia mahali alipokuwa ameweka kichwa. Vumbi lilipotulia nikaona nguzo ndani ya ukuta. Niliigusa kwa kidole, na kidole kikaingia. Ilikuwa imebaki ganda tu, na ndani ni matope makavu yenye njia nyingi. Nilitoka naye nje mbio, nikamnyonyeshea uwanjani.

Hapo ndipo nilipoanza kukitazama kichuguu.

Kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kirefu kuliko mimi, kimeota nyasi upande mmoja. Kwa mgeni ni udongo tu. Kwa watu wa pale kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Hiki mama mkwe alipewa na mumewe alipozaa mtoto wake wa kwanza, yaani mume wangu, na hakuna mtu kijijini aliyethubutu kukigonga ila yeye. Kila mwaka, baada ya mvua za kwanza, alikitegea kumbikumbi, mchwa wale wenye mbawa. Waliliwa wabichi, waliliwa wakiwa wamekaangwa kwa chumvi na ugali, waliosalia walianikwa na kuwekwa, na majirani walijua siku hiyo wataitwa na bakuli zao. Nami niliwala mwaka uliotangulia. Watamu, sikatai.

Nilimwendea mama mkwe nikamweleza kuhusu udongo ulioanguka. Alikuja, akaitazama nguzo muda mrefu, akampapasa mtoto kichwa. Nikamwomba kwa adabu zote nilizofunzwa kwamba tukichimbue kichuguu, tumtoe malkia, tumalize jambo. Akatikisa kichwa.

"Hawa wangu hawakulangi nyumba," akasema. "Wanaokula yako ni wengine, wadogo, hawana kichuguu. Hao wako chini yako. Ngoja bwana yako akuje achimbe hapo."

Mtu yeyote aliyemfahamu angemwamini. Mimi nilijiambia kwamba kila mtu hutetea chakula chake. Nilijiambia pia kwamba mume wangu angekuja baada ya wiki tatu, na wiki tatu ni usiku mwingi wa kusikiliza ukuta. Nilihamisha kitanda katikati ya chumba. Sauti ikanifuata huko huko, au nilidhani imenifuata.

Siku ya soko, mama mkwe alipokwenda kuuza ndizi, nilimlaza mtoto, nikaenda kwenye kibanda cha ndama, nikachukua chupa ya dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia ng'ombe. Ilikuwa na zaidi ya nusu. Dawa ile huchanganywa tone kwa ndoo. Mimi sikuchanganya na kitu. Nilipanda upande wenye nyasi, nikatafuta matundu yanayopumua, nikamimina mpaka chupa ikalia tupu. Kisha nikaziba matundu kwa udongo, nikaitumbukiza chupa chooni, nikanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Harufu haikutoka. Nilipomnyonyesha mtoto jioni niliiweka mikono yangu mbali naye, kama si yangu.

Sikuwaza kwamba kuna mtu atakayekula kumbikumbi wa humo. Naapa sikuwaza. Niliwaza ukuta tu, na kichwa cha mtoto, na kwamba wakishakufa wote hakutakuwa na wa kuruka.

Siku ya tatu kuku mmoja wa mama mkwe, jike jekundu lililopenda kupekua pale kichuguuni, lilianza kupepesuka uwanjani, shingo imelegea. Mama mkwe akalitazama akaingia ndani kuchukua kisu. Ndivyo ilivyo kwetu, kuku akionyesha dalili ya kufa, anachinjwa upesi asije akapotea bure. Nikaruka kutoka jikoni. Nilisema la kwanza lililonijia, kwamba nimeona nyoka, kwamba ameumwa na nyoka, kwamba nyama yake ina sumu. Mama mkwe akasimama na kisu mkononi akiniangalia. Halafu akasema basi azikwe, akamtuma jirani aite wanaume.

Wakaja watano na fimbo. Walifyeka nyasi zote za nyuma ya nyumba, wakapiga kila kichaka, na mmoja akawa anachokonoa kichuguu kwa mti mrefu huku nikisimama na mtoto mgongoni, nikingoja aseme pananuka nini hapa. Hakusema. Mungu naye ana mzaha wake, maana chini ya jiwe walipata gamba la nyoka, kavu, la zamani, wakanishukuru kwa macho yangu makali. Mama mkwe alinipa paja la sungura waliyemshtua njiani. Nililila mpaka mfupa.

Ningesema siku hiyo. Nilikuwa na nafasi na sikuitumia, na sababu yake ilikuwa woga. Mke anayetia dawa kwenye kitu kinacholiwa na watu ana jina moja tu pale kwetu, na jina hilo si mzembe. Mimi nilikuwa mke wa kutoka mbali, ambaye hakuna aliyemjua bibi yake wala shangazi zake. Ningeitwa mtia sumu mpaka kaburini, na binti yangu angeitwa mtoto wa mtia sumu. Kwa hiyo nilinyamaza nikaomba mvua ichelewe. Kila mtu kijijini alikuwa anaomba mvua ije, na mimi peke yangu nilikuwa naomba kinyume. Asubuhi nilitoka kwanza kutazama mawingu.

Haikuchelewa. Ilinyesha usiku mzima mwezi wa tatu ulipoingia, na kesho yake jua likatoka kali, na nchi ikafuka mvuke. Mama mkwe alikuwa kichuguuni kabla sijamaliza kuosha vyombo. Aliinamisha fito akazifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, akachimba shimo mbele akatia chungu, kisha akakaa chini na vijiti viwili akaanza kugonga ubao. Mdundo wenyewe unajulikana, mwepesi na wa haraka, kama mvua inayoanza juu ya jani kavu. Mchwa wakiusikia huhisi wakati umefika.

Nilikuwa nje ya jikoni nikisema moyoni, wamekufa, wamekufa wote, hatatoka hata mmoja, atadhani ni mwaka mbaya. Mtoto alikuwa anacheza mlangoni. Niliingia ndani kuinjika maji. Nilipotoka mtoto hakuwapo.

Nilimwona kule nyuma, amekaa kwenye mapaja ya bibi yake. Kumbikumbi walikuwa wanatoka. Si wengi kama mwaka uliopita, walitoka kwa upande mmoja tu, ule ambao sikuufikia, lakini walikuwa wanatoka na kuangukia chunguni. Mama mkwe alikuwa anatafuna. Alikuwa ameshika mmoja kwa vidole viwili, anamnyofoa mbawa polepole, na binti yangu amefungua mdomo kama kinda.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka niliushika mkono wa mama mkwe, jambo ambalo mkaza mwana hafanyi.

"Mama, usimpe. Niliweka dawa humo."

"Dawa gani?"

"Ya kupe."

Vijiti vilikuwa vimelala kando yake. Alimtazama yule mdudu mkononi, akamwachilia. Alitema alichokuwa nacho mdomoni.

"Nimekwisha kula," akasema. "Na mtoto nimempa watatu."

Wakati huo huo nilisikia sauti kwenye njia. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamesikia mdundo wa ubao, nao walikuwa wanakuja na bakuli zao wakicheka. Nilijua yamekwisha. Mama mkwe aliinuka, akanipa mtoto, akasukuma udongo kwa mguu mpaka chungu kikafunikwa. Kisha akawageukia.

"Rudini tu," akawaambia. "Siafu waliingia humo. Wamemaliza wote. Hakuna kitu mwaka huu."

Wakasikitika, wakampa pole, wakarudi. Hawakuuliza hata neno moja, maana aliyesema ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama nimemkumbatia mtoto, na katikati ya hofu ile yote nilijua nimeona kitu ambacho hakuna mtu wa pale aliyewahi kukiona.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Tulikwenda kwa ishirini na tano, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto kifuani ili nione uso wake. Kila aliyetuuliza njiani aliambiwa na mama mkwe kwamba mtoto ana homa. Uongo wake wa pili, nikahesabu. Wa tatu. Mahali fulani alisimama, akaingia kwenye shamba la chai la mtu, nikamsikia akitapika. Alirudi akifuta mdomo kwa leso akasema twende.

Daktari wa zahanati alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jina la dawa, na mimi sikulijua, nilijua rangi ya chupa tu. Chupa iko wapi? Chooni. Alifunga macho kidogo, kama mtu anayejizuia. Akamtazama mtoto macho, akamsikiliza kifua, akatazama kama mate yanamtoka, akatuambia tukae kwenye benchi mpaka jioni na tumwite mara moja tukiona anatoa jasho, anatetemeka au analegea. Alimtaka mama mkwe pia. Yeye alikataa kwanza, akasema atazamwe mtoto tu. Daktari alipomsisitiza, akakubali.

Nilikaa kwenye benchi lile kwa muda wa saa nne. Nilimtazama mtoto kila alipomeza mate. Alipopiga miayo nilisimama. Aliposinzia, kwa kuwa ilikuwa saa yake ya kusinzia, nilimtikisa mpaka akaamka akalia, na nikafurahi kwamba analia kwa nguvu. Niliweka sikio langu kwenye kifua chake kama nilivyoliweka ukutani, nikisikiliza kama kuna kitu kinachomla. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa benchi akiwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, akitazama mlango. Jua liliposhuka binti yangu alitelemka mapajani, akashika ukingo wa benchi, akasimama, akamfuata bibi yake hatua kwa hatua akijishikilia, akamvuta leso. Daktari akatuambia twende nyumbani, tumrudishe tukiona lolote. Hatukuona lolote. Mama mkwe alisokotwa na tumbo siku mbili, akawaambia watu ni uzee.

Alipopata nafuu alikichimbua kichuguu mwenyewe, kwa jembe, peke yake. Nilitaka kusaidia akanionyesha kwa mkono nikae kando. Alirundika kuni juu yake akachoma, akafukia, akapiga udongo kwa nyuma ya jembe mpaka pakawa sawa.

Mume wangu alikuja wiki iliyofuata. Aliuliza kichuguu kimekwenda wapi. Siafu, mama yake akamjibu, naye akaguna tu akaenda kunywa chai. Siku hiyo hiyo alichimba ile nguzo iliyooza ili aweke nyingine. Futi mbili chini jembe likagonga mti. Kilikuwa kisiki, kisiki kikubwa cha mti uliokatwa zamani, naye alikuwa amejenga juu yake bila kukiona kwa ile haraka yake. Kilikuwa kimejaa mchwa. Wadogo, weupe kama wali, hawafanani kabisa na wale wenye vichwa vyekundu wa kichuguuni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliinama, akachukua mmoja, akaniwekea kwenye kiganja.

"Hao ndio wako," akasema, akarudi kwake.

Jioni nilimpelekea chakula kama kawaida, ugali na mboga. Aliinama, akakisukuma kisahani kidogo upande wangu.

"Onja kwanza."

Nikaonja. Akangoja nimeze, kisha akala. Kesho yake vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Hakulisema kwa hasira wala hakulisema mbele ya watu kwa namna ya kunitia aibu. Palipokuwa na wageni alinishika mkono tu akanikalisha, nikamega mimi kwanza, na wageni wakatusifu. Tazama mama huyu, walisema, hali mpaka mke wa mwanawe ale. Kanisani walitutaja kama mfano. Nilikuwa nikiinamisha uso, wakadhani ni unyenyekevu.

Nikawa nabeba kijiko changu. Kila chakula nilichovusha uwanja ule kilikwenda na kijiko cha pili, na nilikuwa nimeshaonja kabla hajasema. Binti yangu alikua akituona. Alipokuwa na miaka minne nilimpa kikombe cha chai, akakisukuma kwangu kwa mikono yote miwili. Onja kwanza, akaniambia, kwa sauti ile ile ya bibi yake, akidhani ndivyo chai inavyonywewa. Nilionja chai ile nikaenda kulia nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na kichuguu.

Nyumba tuliijenga upya baadaye, matofali na saruji, na nguzo za barazani zote zilichomwa miisho. Mchwa bado huja wakati wa joto. Huwa naweka sikio ukutani, nikijua hakuna mti humo.

Mama mkwe alianza kuumwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Alikuwa amekonda, hawezi tena kukaa bila kuegemea. Asubuhi moja nilimpelekea uji wa wimbi, nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, nikachota kwa kijiko changu kama ilivyo desturi yetu. Kabla sijakifikisha mdomoni alitoa mkono wake kwenye blanketi akaushika wangu.

"Lete," akasema. "Umeonjanga ya kutosha."

Alichukua kikombe akanywa. Nilibaki nimeshika kijiko, sijui nikiweke wapi.